Nguvu Haitoki Kwenye Metali: Jinsi Uchawi wa Mistborn Unavyofanya Kazi

Msomaji anayeingia kwa mara ya kwanza katika riwaya za Mistborn, mfululizo wa mwandishi Mmarekani Brandon Sanderson ulioanza kuchapishwa mwaka 2006, hukutana mapema na jambo linaloonekana rahisi: watu fulani humeza chembe za metali, huzichoma ndani ya tumbo bila moto wowote, na kupata uwezo usio wa kawaida. Kurasa zinavyosonga, metali zilezile zinavaliwa kama pete na bangili na kutoa uwezo mwingine kabisa, kisha zinapigiliwa mwilini kama misumari na kuleta matokeo ya tatu yasiyofanana na yale mawili ya mwanzo. Metali za msingi ni 16 na njia za kuzitumia ni tatu, kwa hiyo kuna matumizi 48 ya kukumbuka kabla hata hatujagusa metali za miungu, na wasomaji wengi wanapofika hapo huanza kukariri majedwali.

Kukariri hakusaidii sana, kwa sababu mfumo huu haukujengwa juu ya majedwali. Umejengwa juu ya swali moja ambalo linapaswa kuulizwa kila mara metali inapotumika: nguvu hii inatoka wapi, na nani anailipia? Anayejua kulijibu anaweza kukisia kanuni ambazo hajazisoma bado, na anayelipuuza atashangazwa na mambo ambayo hayastahili kumshangaza. Ili kulijibu inabidi nitaje mambo ambayo riwaya zenyewe huyafichua polepole, kwa hiyo asiyetaka kujua siri za hadithi aahirishe kusoma makala hii.

Njia hizo tatu zina majina yake, nami nitayaandika kwa matamshi yetu. Alomansia ni kumeza metali na kuichoma. Ferukemia ni kuweka akiba ya sifa za mwili au akili yako ndani ya metali uliyoivaa, na kuichukua baadaye. Hemalujia ni kumwibia mtu sifa au uwezo wake kwa msumari wa metali na kumpigilia mtu mwingine msumari huo. Katika njia ya kwanza nguvu huja kutoka nje, kwa mungu. Katika ya pili hutoka kwa mtumiaji mwenyewe. Katika ya tatu hutoka kwa mtu mwingine, ambaye kwa kawaida hufa. Yanayofuata yote ni ufafanuzi wa sentensi hizo tatu.

Metali si kuni

Kosa la kawaida kabisa, ambalo hata wahusika wengi ndani ya hadithi wanalo, ni kudhani kwamba metali ndiyo inayobeba nguvu, na kwamba mchomaji huitoa humo kama moto unavyotoa joto kwenye kuni. Neno lenyewe la kuchoma linachochea dhana hiyo, na ukweli kwamba metali hupungua na kuisha tumboni unaizidishia nguvu. Hata hivyo, hesabu haikubali. Chembe chache za feleji (chuma chenye kaboni), ambazo zingeenea kwenye ncha ya kidole, humwezesha mtu kujirusha juu ya ukuta wa ngome mara kadhaa. Isitoshe, kiasi cha nishati ya kikemia kilichomo katika metali hakina uhusiano wowote na matokeo: dhahabu, ambayo ni miongoni mwa metali zisizopenda kabisa kuungana na kemikali nyingine, huchomeka kwa urahisi uleule wa zinki.

Kinachojalisha ni mpangilio wa metali. Aloi, yaani mchanganyiko wa metali, isiyokuwa na uwiano sahihi haitoi nguvu pungufu tu, bali humdhuru aliyeichoma, na metali ambayo haimo katika orodha inaweza kumuua. Hii ni tabia ya ufunguo. Ufunguo uliochongwa vibaya haufungui mlango nusu. Unakwama, na pengine unavunja kitasa. Metali katika Alomansia hufungua njia ya aina fulani kuelekea kwenye chanzo kilicho nje ya mchomaji, na umbo la metali ndilo linaloamua nguvu inayopita itajitokeza kama nini: kama msukumo, kama wepesi wa kusikia, au kama wingu la kuwaficha wachomaji wengine.

Chanzo hicho kinajulikana. Sayari ya Scadrial, ambako hadithi inatokea, iliumbwa na nguvu mbili za kiungu zinazopingana, moja ya kuhifadhi na nyingine ya kuangamiza. Nitaziita Hifadhi na Maangamizi. Alomansia ni ya Hifadhi. Ushahidi ulio wazi zaidi uko mwishoni mwa kitabu cha kwanza, pale Vin, msichana aliyekulia mitaani na ambaye ndiye mhusika mkuu, anapovuta ukungu wa usiku ndani yake na kupata nguvu kubwa kuliko alizowahi kuzipata kwa kumeza metali. Ukungu huo ni nguvu ya Hifadhi yenyewe ikiwa katika hali ya mvuke. Aliyepata chanzo moja kwa moja hahitaji ufunguo.

Si kila mtu anaweza kufungua njia hiyo. Uwezo hurithiwa kwa damu, na katika vitabu vitatu vya mwanzo huamshwa na mateso makali ya mwili au ya moyo. Wengi wa waliojaliwa huweza kuchoma metali moja tu maisha yao yote. Wachache sana huweza kuchoma zote, na hao ndio wanaoitwa Wazaliwa wa Ukungu, walioupa mfululizo jina lake. Hakuna anayezaliwa na uwezo wa Alomansia wa metali mbili au tano: ni moja au ni zote. Ukimwona mtu mwenye idadi iliyo katikati ya hapo, anza kutafuta msumari.

Jozi nane

Orodha ya metali 16 inaonekana ndefu mpaka mtu atambue kwamba ni jozi nane, na kila jozi ni metali safi pamoja na aloi iliyo na metali hiyo ndani yake. Chuma huenda na feleji, ambayo ni chuma na kaboni. Bati huenda na pyuta, ambayo hapa ni bati lenye risasi kidogo. Zinki huenda na shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba na zinki. Shaba nyekundu huenda na bronzi, mchanganyiko wa shaba na bati. Dhahabu ina elektramu, ambayo ni dhahabu na fedha. Alumini ina duralumini. Kromiamu ina nikrosili, aloi ya nikeli, kromiamu na silikoni. Na kadimiamu ina bendaloi, aloi laini inayoyeyuka kwa joto dogo na ambayo sehemu yake kubwa ni bismuthi na risasi. Hizi zote ni metali na aloi zinazopatikana katika ulimwengu wetu. Sanderson hakubuni hata moja kati ya hizo 16, na nadhani hilo ndilo lililomlazimisha kuwa makini, kwa kuwa msomaji yeyote anaweza kwenda kukagua kama kweli shaba ya manjano ina zinki.

Metali safi huvuta na aloi husukuma. Kanuni hiyo ni ya halisi katika jozi ya chuma na feleji, na katika jozi nyingine inabidi itafsiriwe kwa upana: zinki huchochea hisia za mtu mwingine na shaba ya manjano huzituliza, bati huchochea milango ya fahamu na pyuta huupa mwili nguvu na ustahimilivu, shaba nyekundu huficha uchomaji na bronzi huugundua. Kuna mgawanyiko wa pili unaopita katikati ya orodha, kwamba nusu ya metali humwathiri mchomaji mwenyewe na nusu huathiri kilicho nje yake. Bati, pyuta, shaba nyekundu, bronzi, dhahabu, elektramu, alumini na duralumini ni za ndani. Nyingine ni za nje.

Ninaona kwamba ulinganifu huu unafanya kazi vizuri sana katika metali nane za kwanza, ambazo ni za mwili na za akili, kisha unaanza kulazimishwa. Dhahabu humwonyesha mchomaji mtu ambaye angekuwa kama maisha yake ya nyuma yangekwenda vingine, na elektramu humwonyesha kivuli cha mambo anayokaribia kuyafanya. Ni vigumu kuona ni wapi kuvuta na kusukuma vinaingia hapo, isipokuwa kwa kusema kwamba moja hutazama nyuma na nyingine hutazama mbele. Kadimiamu na bendaloi, ambazo hubadili mwendo wa wakati ndani ya duara linalomzunguka mchomaji, zina mantiki iliyonyooka zaidi: kadimiamu huupunguza kasi na bendaloi huuongeza. Duara hilo hubaki pale lilipowekwa na halimfuati mchomaji akitembea, na risasi ya bunduki inayovuka mpaka wake hupotoshwa njia, kwa hiyo mtu hawezi kusimama ndani ya wakati wa haraka na kuwalenga maadui wa nje kwa utulivu. Vizuizi vya namna hii ndivyo vinavyouzuia uwezo mkubwa kupita kiasi usiiue hadithi.

Chuma, feleji, na uzito wa mwili

Jozi ya kwanza inastahili nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jinsi uchawi huu unavyoheshimu fizikia pale inapofaa. Anayechoma chuma au feleji huona mistari ya buluu ikitoka kifuani mwake kuelekea kila kipande cha metali kilicho karibu. Akichoma chuma, anaweza kuvuta kipande hicho kwa kufuata mstari huo. Akichoma feleji, anaweza kukisukuma. Hawezi kukizungusha, kukipandisha juu kwa upande, wala kukipindisha njiani. Mstari ni mmoja, na mwelekeo ni kuja au kwenda. Tena hii si sumaku, kwa sababu dhahabu na shaba huitikia sawa na chuma.

Kinachofuata ni kanuni ya tatu ya Newton, ile isemayo kwamba kila tendo lina jibu lililo sawa nalo na lililo kinyume chake. Anayesukuma sarafu naye anasukumwa na sarafu hiyo kwa nguvu ileile. Tuchukue mtu mwenye uzito wa kilo 60 na sarafu ya gramu 6. Kwa kuwa nguvu inayowagusa wote wawili ni moja na uzito wa mtu ni mara 10,000 ya ule wa sarafu, mchapuko wa sarafu utakuwa mara 10,000 ya mchapuko wa mtu, ndiyo maana sarafu inaruka kama risasi na mtu hahisi karibu chochote. Mambo hubadilika sarafu inapogonga ukuta au ardhi. Sasa haiwezi kwenda popote, kwa hiyo mchomaji anayeendelea kuisukuma anakuwa anasukuma dunia yenyewe, na ni yeye anayeruka. Hivyo ndivyo wachomaji wa feleji wanavyosafiri juu ya mapaa: hudondosha sarafu, husukuma, huruka, kisha hutafuta metali nyingine ya kuegemea kabla ya kuanguka. Katika kitabu cha pili Vin anavuka nchi kwa njia hiyo akitumia viatu vya farasi, akivivuta vya nyuma na kuvitupa mbele ili avisukume tena.

Hapa mapigano yanageuka kuwa hesabu ya nani ni mzito na nani ameegemea nini. Wachomaji wawili wanaosukuma sarafu moja kutoka pande mbili husukumana wenyewe, na anayerushwa ni mwepesi, isipokuwa kama amepata kitu imara nyuma yake. Kuvaa vazi la kivita la metali ni kumpa adui mpini wa kukushikia. Kuna kizuizi kingine cha maana: metali iliyo ndani ya mwili wa mtu, au iliyotoboa ngozi yake, karibu haiwezekani kuisukuma. Bila kizuizi hicho mchomaji yeyote angeweza kumuua mtu kwa kuzisukuma chembe za metali alizozimeza, na hadithi ingeishia hapo.

Newton ameheshimiwa katika mwendo, lakini si katika nishati. Nishati inayomrusha mtu juu ya ukuta haikutoka kwenye misuli yake wala kwenye chembe ya feleji aliyoimeza. Imeingia kutoka nje ya dunia inayoonekana, kwa Hifadhi, na ndiyo sababu Alomansia huhesabiwa kuwa njia ya faida: mchomaji huishia na zaidi ya alichoanza nacho. Gharama anayolipa ni metali, pamoja na hatari ndogondogo. Risasi iliyomo ndani ya pyuta ni sumu, hivyo wachomaji hufundishwa kuzimaliza metali tumboni kabla ya kulala. Anayekimbia usiku kucha kwa nguvu ya pyuta naye akiruhusu iishe kabla ya kupumzika hugundua kwamba uchovu uliahirishwa tu, haukufutwa.

Akiba ya mtu mwenyewe

Ferukemia ni sanaa ya watu wa Terris, na kimaadili ndiyo iliyo safi kuliko zote tatu, ingawa pia ndiyo yenye adha. Mtu huchagua sifa na metali inayolingana nayo. Akitaka nguvu za mwili, anatumia pyuta. Kwa siku kadhaa huishi akiwa dhaifu kuliko kawaida yake, huku tofauti ikiingia ndani ya bangili, na siku ya shida huichukua yote na kuwa na nguvu za watu kadhaa kwa muda mfupi. Uzito huwekwa kwenye chuma, mwendo wa mwili kwenye feleji, joto kwenye shaba ya manjano, kukesha kwenye bronzi, afya kwenye dhahabu. Shaba nyekundu huhifadhi kumbukumbu, na hapo kuna jambo ambalo ni rahisi kulipita: kumbukumbu iliyowekwa humtoka mwenyewe kabisa. Sazed, mtunza elimu wa Terris, amebeba dini za mataifa yaliyokufa ndani ya bangili zake, na anachokijua kwa wakati wowote ni kile alichokitoa ghalani kwa wakati huo.

Hakuna kinachoongezeka. Ulichokosa jana ndicho unachopata leo, na kwa sababu akiba ilitoka kwako, ghala lina utambulisho wako na mwingine hawezi kulifungua. Kanuni hiyo ina mwanya mmoja. Utambulisho wenyewe ni sifa, na sifa hiyo huwekwa ndani ya alumini; mtu aliyeweka kando utambulisho wake wote anaweza kujaza ghala lisilo na mwenyewe, linaloweza kutumiwa na wengine. Mwanya huo unakuja kuwa msingi wa hadithi nzima katika vitabu vya baadaye, na ninaupenda kwa sababu haukuongezwa kwa ajili ya kuokoa hali fulani. Ulikuwa umejificha ndani ya kanuni tangu mwanzo.

Msumari na anayeulipia

Hemalujia ni ya Maangamizi, nayo ni njia ya hasara. Msumari wa metali hupitishwa katika moyo au sehemu nyingine maalumu ya mwathiriwa, hurarua kipande cha roho yake, kisha hupigiliwa kwa mpokeaji mahali panapotakiwa hasa. Aina ya metali huamua kinachoibwa: chuma huiba nguvu za mwili, bati huiba milango ya fahamu, feleji huiba uwezo wa Alomansia wa metali za mwili, bronzi huiba ule wa metali za akili. Sehemu ya kilichoibwa hupotea njiani kila mara, na msumari unaokaa nje ya mwili huzidi kupungua nguvu, labda kama umehifadhiwa ndani ya damu. Mtu mmoja hupoteza kingi, mwingine hupata pungufu yake. Ni biashara mbaya hata kabla ya kuuliza kama ni halali.

Ukishaielewa, unaanza kuiona kila mahali katika vitabu ulivyokwisha kuvisoma. Wachunguzi wa Feleji, wenye misumari iliyopitishwa machoni, ni watu waliojengwa kwa uwezo ulioibwa, na ndiyo sababu wana uwezo mwingi bila kuwa Wazaliwa wa Ukungu. Koloss, yale majitu ya buluu yanayotumika vitani, ni binadamu waliopigiliwa misumari minne ya chuma. Kandra, viumbe wanaovaa mifupa ya wafu na kujifanya wao, hupata akili zao kutokana na misumari miwili, na wakiondolewa hurudi kuwa viumbe wasiofikiri. Jamii hizo mbili zilizoonekana tofauti kabisa ni matokeo ya ufundi mmoja.

Mfano ulio bora zaidi, hata hivyo, ni kipuli cha sikioni. Tangu kitabu cha kwanza Vin ana uwezo ambao walimu wake wanaukana, wa kugundua uchomaji hata pale unapofichwa na wingu la shaba nyekundu. Msomaji huchukulia kwamba ni kipaji tu, kama mashujaa wengi walivyo na vipaji visivyoelezwa. Kumbe kipuli alichovishwa na mama yake utotoni ni msumari mdogo wa bronzi uliopitia kwanza katika mwili wa mdogo wake mchanga, ambaye alikuwa na uwezo wa bronzi. Uwezo wake mwenyewe ukajumlishwa na ule ulioibwa. Bronzi huiba uwezo wa akili, na ugunduzi ni uwezo wa akili. Kila kitu kilikuwa wazi mbele yetu. Kipuli hichohicho ndicho kilichompa Maangamizi njia ya kumnong'oneza, kwa kuwa kila aliyetobolewa na metali iliyochajiwa kwa Hemalujia ana ufa rohoni ambao nguvu hiyo inaweza kupitia.

Pale njia mbili zinapokutana

Mtu mwenye uwezo wa Alomansia na wa Ferukemia katika metali moja hupata kitu ambacho hakuna mojawapo ya njia hizo inayokitoa peke yake, na hapa ndipo swali la chanzo linapolipa. Tuseme anaweka afya yake ndani ya kipande cha dhahabu, kisha anakimeza na kukichoma. Kwa kawaida dhahabu ingemwonyesha maisha ambayo hakuyaishi. Lakini dhahabu hii ina afya ndani yake, na akiba hiyo imebadili umbo la njia, kwa hiyo nguvu inayoingia kutoka kwa Hifadhi inaingia ikiwa afya, tena kwa kiasi kinachozidi mara nyingi kile alichokiweka. Anaweza kuiweka ziada hiyo ndani ya dhahabu nyingine na kurudia.

Wengi huona kwamba jambo hili linavunja kanuni ya Ferukemia isemayo kwamba hakuna kinachoongezeka. Halivunji. Akiba ya mtu bado ni ileile aliyojinyima. Imetumika kama kielelezo tu, na kilichoongezeka kimelipwa na mungu kama kawaida ya Alomansia. Dhahabu, ambayo kwa wachomaji wa kawaida ni metali isiyotamanika, humfanya mtu wa namna hiyo apigwe risasi mara kadhaa na kuendelea kutembea, kama tunavyoona kwa mhalifu Miles katika kitabu cha nne, kilichotoka mwaka 2011.

Bwana Mtawala aliyetawala kwa miaka 1,000 alifanya hivyohivyo kwa atiamu, metali ambayo katika Ferukemia huhifadhi ujana. Watu walimwita mungu asiyekufa. Kwa kweli alikuwa mtu aliyelazimika kuvuta ujana bila kukoma kutoka kwenye bangili zilizotoboa mikono yake, na kadiri umri wake halisi ulivyoongezeka ndivyo kiasi cha kumrudisha ujanani kilivyokuwa kikubwa zaidi. Zilitoboa ngozi kwa makusudi, maana metali iliyo mwilini haisukumiki kwa urahisi. Vin, akiwa na nguvu ya ukungu ndani yake, alizing'oa, na miaka yote iliyoahirishwa ikamrudia mzee huyo kwa dakika chache. Ushindi huo unaweza kuonekana kama bahati ya shujaa mpaka uone kwamba umeunganisha kanuni nne ambazo msomaji alikwisha kupewa.

Metali za miungu, na ile isiyoguswa

Atiamu yenyewe haimo katika zile 16 za msingi, ingawa jedwali la kitabu cha kwanza liliiweka humo na kuwapotosha wengi. Ni mwili wa Maangamizi ulioganda. Nguvu ya kiungu katika ulimwengu huu hupatikana katika hali tatu kama maada nyingine: mvuke, kioevu na kigumu, na kigumu chake ni metali. Anayechoma atiamu huona vivuli vya mambo ambayo wengine wanakaribia kuyafanya, na karibu hashindiki mpaka akutane na mwenye atiamu pia, au na mtu mwerevu kama Vin, aliyemshinda mpinzani kwa kusoma katika mwili wake namna alivyokuwa akijibu mambo ambayo bado hayajatokea. Lerasiamu, metali ya Hifadhi, inaweza kuchomwa na mtu yeyote hata asiye na uwezo wowote, na humgeuza kuwa Mzaliwa wa Ukungu. Hili nalo linaeleweka: anayemeza kipande cha chanzo hahitaji ruhusa ya kukifikia. Baada ya nguvu hizo mbili kushikwa na mtu mmoja ilizaliwa metali yao ya pamoja, ambayo hulipuka ikigusa maji, kama zinavyofanya sodiamu na potasiamu, na metali inayolipuka kwa maji si ya kumezwa.

Imebaki alumini, ambayo mwanzoni inaonekana kama mzaha wa mwandishi. Anayeichoma hufuta metali nyingine zote zilizomo tumboni mwake, na basi. Aliyezaliwa na uwezo huo peke yake hana chochote cha kufuta. Thamani ya alumini iko upande wa pili: ndiyo metali ambayo Alomansia haiwezi kuishika. Haivutwi na chuma wala haisukumwi na feleji, na kofia iliyowekwa bitana ya alumini huzuia zinki na shaba ya manjano zisichezee hisia za aliyeivaa. Katika hadithi zinazotokea takribani miaka 300 baada ya Bwana Mtawala, wakati wa bunduki na reli, alumini inauzwa kwa bei ya kutisha, na jambo hilo lina mizizi katika historia yetu. Kabla ya Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa kugundua, kila mmoja kivyake mwaka 1886, jinsi ya kuitenga kwa umeme, alumini ilikuwa metali ya anasa. Ncha ya Mnara wa Washington iliyowekwa mwaka 1884 ilitengenezwa kwa alumini yenye uzito usiofika kilo 3. Kwa Wax, ofisa wa sheria anayechoma feleji na kuisukuma kando kila risasi ya kawaida inayomjia, adui wa kuogopwa ni yule aliyekubali kulipa gharama ya risasi za alumini, kwa sababu upande wake hauonekani mstari wowote wa buluu.